Nilivyojenga Sebule Barabarani

Vijana wa upimaji, nawaona. Mnashuka kwenye gari lenye kiyoyozi, viatu vyeupe, mnarusha droni juu ya kilima kama watoto wanaorusha tiara, na kabla kahawa haijapoa kilima chote kimeshaingia kwenye kompyuta. Mimi kilima kimoja kilikuwa kinanimalizia jozi ya viatu. Siwaonei wivu. Droni ni kitu kizuri. Ubaya wake ni kwamba haibebi mzigo wala haichelewi kazini, kwa hiyo haina sababu ya kuuliza kwa nini njia imezunguka hivi.

Nimepima ardhi ya Kigali na pembezoni mwake mpaka magoti yakagoma. Sasa mmeniomba niwaandikie habari za kazi, na nadhani mlitaka nijisifu kidogo, halafu niwape baraka. Nitawaandikia jinsi nilivyoiua barabara moja, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu na kalamu nzuri.

Lakini nianze na Muzehe Anastazi, muzehe ndivyo tunavyomwita mzee huku, maana bila yeye hata kosa lenyewe nisingelitambua.

Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda. Nilipokuja Kigali nilikuwa kijana mwenye Kiswahili kingi na Kinyarwanda cha kuchekwa. Anastazi ndiye aliyenipokea kazini. Alikuwa mpimaji wa zamani, amesoma kwa Kifaransa, Kiswahili chake amekiokota sokoni, na kwake r na l zilikuwa herufi moja tu yenye majina mawili. Alivaa koti hata jua likiwaka. Ukimpelekea mchoro, hakutazama rangi wala maandishi yako mazuri. Aliweka kidole pale barabara inapoanza, akakiburuta taratibu mpaka inapoishia, kisha akakutazama machoni na kuuliza, "Harafu?"

Basi. Hilo ndilo lilikuwa somo lote. "Halafu?" Ukikosa jibu, unarudi kilimani.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa Kabuga. Siku hizo Kabuga ilikuwa safari. Ulifunga chakula, uliaga watu, na katikati ulipita mashamba ya mihogo na ndizi mpaka ukasahau kama kuna mji. Leo mtu anapanda basi la Kabuga, anasinzia, anaamka, na hajui mji aliuacha wapi kwa sababu haukuachwa popote. Nyumba zimemsindikiza njia nzima. Nilichora barabara iliyonyooka kama rula, ikishuka mteremko kutoka nyumba za juu kuelekea kisimani. Anastazi akaburuta kidole, akafika mwisho.

"Harafu?"

"Halafu kisima, Muzehe."

"Bon. Twende kuchota maji."

Akanikabidhi jerikeni. Nikaishuka barabara yangu nikiimba, na nusu ya njia nikakuta genge la udongo refu kuliko mimi, ambalo kwenye karatasi nilikuwa nimelivuka bila kuloa jasho. Nikarudi, nikazunguka, nikateleza, nikafika kisimani suruali ina rangi ya udongo. Nikiwa napanda na maji, mama mmoja mwenye jerikeni kichwani na mtoto mgongoni akanipita kwa kijia cha pembeni ambacho sikukiona. Hakuwa hata anahema. Akamuuliza Anastazi kwa Kinyarwanda huyu ni mgonjwa gani umemleta. Anastazi akajibu ni mhandisi.

Tulipokaa, akaniuliza kutoka nyumba ile ya juu mtu ana njia ngapi za kufika kisimani kwenye mchoro wangu. Nikasema moja. Akauliza mvua ikiikata? Akanionyesha vijia vya watu: vinne, vinakutana, vinaachana, vinakutana tena. Kimoja kikifa, watu wanahamia kingine bila kuitisha mkutano. "Hii watu hawakusoma," akasema, "lakini iko na akiri kukupita."

Kwa hiyo shikeni hili, wenye droni. Kabla ya kuchora, tafuteni vijia. Nendeni mara baada ya mvua, nyayo zinaonekana. Waulizeni wenye mizigo, si wenye magari, kwa sababu mwenye gari atakusifia barabara yoyote mradi ni pana. Na ukitaka hifadhi ya barabara, ile ardhi ya kando isiyojengwa, ibaki hifadhi, panda miti, usitegemee vigingi. Vigingi nimeviona vikitembea. Unakiacha Ijumaa karibu na mgomba, Jumatatu kimeshahama na kinamsogezea mtu uwanja, na ukiuliza, mtaa mzima unashangaa pamoja nawe.

Sasa dhambi yangu.

Miaka mingi baadaye Anastazi alikuwa amestaafu, nami nikawa mpimaji mkuu wa kampuni ndogo ambayo siku hizi haipo. Akaja mtu mmoja, nitamwita Fideli. Mtu mpole, kofia safi, kicheko cha karibu. Alikuwa na ardhi kubwa kwenye mteremko wa Kinyinya, huko kaskazini, wakati ambapo Kinyinya ilikuwa bado inaanza kuota mabati. Alitaka viwanja. Nilifanya kazi nzuri, nasema bila haya. Barabara kuu ya mtaa ilitoka juu ya kilima, ikashuka kati ya viwanja, ikapita mpaka ardhi ya jirani wa chini, ikaungana na njia ya bondeni. Mtu wa juu angeweza kushuka, na wa chini angeweza kupanda.

Fideli akautazama mchoro kwa muda mrefu. "Ni mzuri," akasema. "Lakini hapa chini, kwa nini tusifunge?"

"Tufunge barabara?"

"Wateja wangu wanataka utulivu, ndugu yangu. Barabara ikipita, moto zote za bondeni zitapita madirishani mwao."

Hapa Kigali pikipiki ya abiria tunaiita moto. Alikuwa anasema pikipiki. Moto wenyewe ulikuja baadaye.

"Tukifunga," akaendelea, "tunapata viwanja viwili zaidi. Na wewe utachagua kimoja kabla ya mteja yeyote."

Mnataka kujua kama nilikataa, nikapiga meza, nikataja maadili ya kazi? Nilimwomba rula. Jioni hiyohiyo barabara yangu iliishia kwenye duara dogo la kugeuzia magari, na mbele ya duara kulikuwa na kiwanja kizuri chenye mandhari ya bonde. Hicho nikakichagua mimi. Jirani wa chini aliposikia, naye akafunga upande wake, akapata viwanja vyake. Mitaa miwili ikapeana migongo kama mke na mume waliogombana.

Nilimpelekea Anastazi mchoro huo nyumbani kwake, sijui kwa nini. Labda nilitaka anisifu. Alikuwa amedhoofika, lakini kidole kilikuwa kilekile. Kikashuka, kikafika kwenye duara.

"Harafu?"

"Halafu mtu anageuza gari, Muzehe. Ndivyo wanavyojenga siku hizi."

"Na watu ya chini?"

"Wana barabara yao."

Akaikunja karatasi, akanirudishia, akaniuliza habari za watoto. Hakuwahi kuitaja tena mpaka alipofariki, na nilichukulia ukimya ule kama ruhusa.

Kila aliyekuwa na ardhi alifanya tulivyofanya sisi. Kila mtaa uliomba utulivu wake, ukapewa mlango mmoja wa kutokea. Ukiutazama mji kutoka juu unaona barabara nyingi kweli, lakini fuata moja moja uone zinavyoishia: hii kwenye ukuta, ile kwenye ruhurura, mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Watu wa mitaa yote wanamwagika kwenye barabara zilezile chache, halafu mtu anakaa amekwama kwenye makutano ya Sonatubes asubuhi, amezungukwa na mabasi na pikipiki, anapiga honi na kulaani wingi wa magari. Magari yako, ndiyo. Lakini nusu ya waliokuzunguka wanakwenda mahali ambapo wangefika kwa miguu kama mtu kama mimi asingekuwa na rula.

Nikajenga. Sebule yangu niliiweka mbele, yenye dirisha kubwa, juu kabisa ya mahali ambapo barabara ilikuwa ipite. Nyuma nikainua ukuta wa matofali. Mke wangu Daforoza aliuliza wale wa nyuma wanapitia wapi. Nikamwambia wana barabara yao. Tayari nilikuwa nalisema vizuri.

Kichekesho ni kwamba mchoro wangu wa awali wa Kinyinya, ule wenye barabara, haukufa. Uliingia kwenye kompyuta fulani, ukatoka kwenye nyingine, na ramani za simu zilipofika mjini, zilionyesha barabara safi ikipita katikati ya sebule yangu. Kila wiki kijana wa pikipiki alisimama getini na kuku wa kukaanga aliyeagizwa na mtu wa chini, akitazama simu, akitazama ukuta.

"Muzehe, simu inasema nipite hapa."

"Simu haijui kusoma ukuta," nilikuwa nikimjibu, na nikirudi ndani nacheka. Nilikuwa nikiwasimulia wageni hadithi hiyo. Daforoza hakucheka hata mara moja.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, nakaa barazani. Nikasikia watu wanapiga kelele nyuma ya ukuta, kisha nikaona moshi mweusi. Ilikuwa nyumba ya Mama Solange, fundi cherehani aliyeshona sare za shule, aliyeishi na mama yake mzee asiyeweza kutembea. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi ghafla, na pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa ikafanya iliyofanya. Nyumba ilikuwa mita thelathini kutoka kitandani kwangu, na sikuwahi kuingia ndani mwake.

Halafu nikasikia king'ora kinashuka mtaani kwetu. Gari la zimamoto, kubwa, jekundu, likaja mpaka kwenye duara langu, likasimama getini. Dereva akaruka chini na simu mkononi.

"Barabara inaendelea wapi, Muzehe?"

Vijana, nimeulizwa maswali mengi maishani. Hilo bado naliota.

"Haiendelei," nikasema.

"Hapa naona inapita!"

"Haipiti. Urudi juu mpaka lami, uzunguke kilima chote, upandie bondeni."

Alitazama moshi ulioinuka nyuma ya paa langu. Hakunitukana. Akageuka, akaanza kufungua mipira ya maji, akawaambia wenzake, "Tupitie humohumo."

Wakaingia getini, mipira ikipita juu ya maua ya Daforoza, wakafika kwenye ukuta. Upande wa pili, Kasongo, fundi mwashi Mkongomani anayeishi kule chini, alikuwa ameshamtoa yule bibi kwa kumbeba mgongoni, na sasa alikuwa akiupiga ukuta kwa nyundo.

"Muzehe! Saidia kuvunja hii ukuta! Watu banakufa na moshi huku!"

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana ndicho kilichonifanya niandike. Nilisema, "Ngojeni kidogo." Nikaanza kueleza kwamba ukuta ule unashikilia tangi la maji, kwamba ukivunjwa vibaya utaangukia watu, kwamba afadhali tumpigie simu fundi aliyeujenga. Nilikuwa naongea kitaalamu kabisa. Daforoza alitoka stoo na sururu. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, kitenge amekifunga kiunoni. Hakuniambia nipishe. Alinisukuma kwa kiwiko, akapiga, akapiga, na tofali la kwanza likatoka kama jino bovu.

Sehemu ile ya ukuta ilianguka haraka kuliko nilivyojivunia. Mipira ikapita. Moto ukazimwa kabla haujashika nyumba za jirani, lakini ya Mama Solange ilibaki kuta tu. Cherehani tatu ziliyeyuka zikawa kitu kimoja, na sare za watoto zilikuwa majivu. Yule bibi alipona. Walimpeleka kwa dada yake Mama Solange kule Kabuga. Mama Solange mwenyewe alisimama kwenye kifusi cha ukuta wangu, akatazama geti langu lililo wazi, na barabara ya mtaa wetu inayopanda moja kwa moja mpaka lami. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona.

Nilileta matofali mapya wiki ileile. Yalikuwa bado yamepangwa uani asubuhi ya Jumatatu, mama mmoja aliponiita kutoka kwenye tundu. "Muzehe, tunaomba kupita leo tu, watoto wamechelewa shule." Shule iko mtaani kwetu, kwa kuzunguka walikuwa wakitembea karibu saa nzima. Nikasema leo tu. Kesho yake walikuwa kumi na wawili. Leo tu ile ikawa na wiki, ikawa na mwezi. Daforoza akaweka benchi. Kasongo akaja akachukua matofali yangu, bila kuomba, akajengea ngazi.

Ndipo majirani zangu wa juu wakaitisha kikao, hapohapo kwenye duara. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mama mmoja msomi mwenye sauti ya kutoa taarifa, alieleza kwa upole kwamba hakuna mwenye chuki na mtu, ila usalama, utulivu, na watu tusiowajua. Mwanamume mmoja akasema tulinunua hapa kwa sababu hapapitwi. Watu wa chini walikuwa wamekuja pia, wamesimama upande wa tundu. Mwenyekiti akanigeukia. "Muzehe ni mtaalamu. Atuambie, kisheria, hapa pamewahi kuwa na njia?"

Ningeweza kusema hapana. Karatasi zilizosainiwa zilikuwa upande wangu.

"Palikuwa na barabara," nikasema. "Upana wa mita kumi, mpaka bondeni. Niliichora mimi. Halafu nikaifuta mimi, ili nipate kiwanja hiki. Sebule ile mnayoiona iko katikati yake."

Yule aliyenunua pasipopitwa akaanza kukagua kucha zake. Kisha Mama Solange akasogea mbele, taratibu.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, mama."

Alinitazama kwa muda mfupi tu, kama mtu anayesoma bei na kuona haimhusu, akageuka akashuka ngazi. Sikuwahi kupigwa makofi, lakini najua sasa yanavyokuwa.

Kikao kilikwisha bila kura. Umuganda uliofuata, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapofanya kazi za mtaa pamoja, watu wa chini walikuja na majembe kusawazisha njia kando ya nyumba yangu. Wa juu walikuja wachache, wakiwa wamevaa glovu mpya. Jiko langu la nje lilikuwa limesimama kwenye njia. Nililivunja mwenyewe, safari hii bila hotuba.

Miezi michache iliyopita alikuja mpimaji kijana kuiingiza njia hiyo kwenye ramani rasmi. Jina lake Ketsia, mmoja wenu, viatu vyeupe na yote. Alisimamisha kifaa chake cha miguu mitatu karibu na benchi la Daforoza, akapima, akakunja uso.

"Muzehe, njia imepinda sana. Mchoro wa zamani unaonyesha inanyooka. Ingepita pale." Akaelekeza dirisha la sebule.

"Najua."

"Nani aliipindisha?"

"Ichore ilivyo, binti. Ilivyo, na jina langu uliandike."

Aliandika. Nikasaini kuiachia ardhi. Alikataa chai, lakini aliishuka njia yote kwa miguu mpaka bondeni na kurudi, jambo ambalo sikumwagiza, na viatu vyake vilirudi vina rangi ya kawaida. Huyo mtamsikia.

Mama Solange amejenga tena, chumba na sebule, na ana cherehani moja. Kila asubuhi anapita kwangu kupeleka sare shuleni. Anamsalimia Daforoza, wanashikana mikono, wanaulizana hali ya bibi. Mimi nakaa kwenye kiti changu hatua mbili kutoka hapo, na macho yake yananipita kama yanavyolipita tangi la maji. Sijawahi kumlaumu.

Juzi mvua ilikuwa imenyesha. Alikuwa amebeba jora la kitambaa begani, akapanda ngazi za Kasongo, mguu ukateleza kidogo kwenye ngazi ya tatu, akajishika ukutani. Akafika juu. Akasimama mbele yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu kikao.

"Ile ya tatu inateleza," akasema. "Itengeneze."

Akaenda zake. Nikainuka, magoti yakilalamika, nikaenda kutafuta sururu.